Saa Nne Iwe Saa Nne: Kumuuguza Mwenye Tatizo la Haiba Kasulu na Kibondo

Kila wodi ina mgonjwa ambaye jina lake likitajwa mapokezi, wauguzi hutazamana. Mara ya kwanza alikunywa dawa ya panya. Mara ya pili alijichanja mikono kwa wembe. Leo ameletwa kwa bodaboda, kamaliza vidonge vya presha vya mama yake. "Yule yule," mmoja ananong'ona. "Ana visa tu huyo, kagombana na mumewe," anajibu mwingine. Anatundikiwa dripu, anasemwa, kesho kutwa anaruhusiwa. Wiki chache baadaye yuko tena mlangoni.

Namwandikia muuguzi mwenzangu anayempokea mgonjwa huyo Kasulu, Kibondo, Makere au Kakonko, au kwenye zahanati ambako yeye peke yake ndiye sista, ndiye daktari na ndiye mtoa dawa. Mwanasaikolojia wa kumpelekea hana. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe iko Dodoma, na kutoka milima ya Buha, nchi yetu Waha, hadi huko ni safari inayomla mtu siku nzima na nauli ya ndugu wawili. Kwa hiyo tiba ya mazungumzo, kwa mgonjwa huyu, ni wewe. Mbinu nitakazozieleza zinaingia ndani ya dakika 15, na ile kubwa kuliko zote ni kusema jambo dogo kisha kulitimiza, siku baada ya siku, mpaka mgonjwa aanze kuamini kwamba neno la mtu linaweza kusimama.

Hakikisha kwanza unauguza nini

Mtaani tukisema mtu ana haiba, tunamsifu: ana mvuto, akiingia mahali watu wanageuka. Wanasaikolojia wamelichukua neno hilo kwa maana pana zaidi, yaani jumla ya namna mtu anavyohisi, anavyofikiri na anavyoishi na wenzake. Tatizo la haiba ni pale namna hiyo inapomuumiza yeye na walio karibu naye karibu kila anakokwenda, kwa miaka, si kwa wiki mbili za msiba au mwezi mmoja wa ugomvi wa shamba.

Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ilianza kutumika Januari 2022 na imeturahisishia kazi sisi wa wilayani. Yale majina mengi ya zamani yamewekwa kando. Sasa unaulizwa kwanza tatizo ni la kiwango gani, dogo, la kati au kubwa, na limedumu kwa miaka kama miwili au zaidi. Ndipo unaangalia sura yake: huyu hisia zinapanda na kushuka kama maji ya mvua, yule amejitenga na watu, huyu hajali kumuumiza mwenzake, yule anatenda kabla ya kuwaza, mwingine amefungwa na ukamilifu hadi hawezi kumaliza kufua shuka moja. Na ipo ile sura inayotujaza wodi, ya mtu anayeogopa kuachwa kuliko anavyoogopa kufa.

Usibandike jina hilo siku ya kwanza. Malaria kali hubadilisha tabia, kifafa hubadilisha tabia, gongo na bangi vivyo hivyo, na mama aliyejifungua majuzi anaweza kuwa na ugonjwa mwingine kabisa unaotibika kwa njia nyingine. Muulize mama au shangazi: "Alikuwaje alipokuwa na miaka 15?" Wakikwambia alikuwa mtulivu mpaka mwaka jana, tafuta ugonjwa mwingine.

Kwa wakimbizi ongeza tahadhari. Kambi ya Nyarugusu imepokea Wakongo tangu 1996, na mwaka 2015 Warundi walipovuka mpaka kwa maelfu, kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Kijana aliyeikimbia nchi akiwa mtoto, akakulia kwenye hema, akashtuka kila anaposikia mlango ukigongwa kwa nguvu na akakataa kumwamini mtu yeyote mwenye daftari, huenda anabeba majeraha ya aliyoyaona. Kutowaamini wageni kulimwokoa. Ukimwandikia "haiba mbovu" kwenye faili, kila atakayelifungua baada yako atamwona kwa jicho hilo.

Vidonge vina nafasi ndogo

Hakuna dawa inayotibu tatizo la haiba. Unaweza kutibu sonona iliyokuja pamoja nalo, au kumsaidia mtu alale siku mbili tatu za dhoruba, basi. Hatari ninayoiona zaidi ni amitriptilini. Ni ya bei nafuu, ipo kwenye kabati, na mkono wa anayeiandika ni mwepesi. Lakini ikimezwa kwa wingi inasimamisha moyo. Mtu aliyewahi kumeza vidonge kwa hasira usimpe dozi ya mwezi mzima mkononi. Mpe ya wiki, au mkabidhi ndugu aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe. Diazepamu nayo, kwa mtu anayetenda kabla ya kuwaza, huweza kuondoa ile breki ndogo iliyokuwa imebaki.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika kufundishia wahudumu wasio mabingwa, ule ulioanza kutolewa mwaka 2010, una sura ya kujidhuru na kujiua lakini hauna sura ya matatizo ya haiba. Ndiyo maana ukitoka kwenye semina unarudi wodini na swali lile lile: huyu nimfanyeje?

"Nakuja sasa hivi"

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika wodi ambayo sitaitaja, nilikuwa namhudumia binti wa miaka ishirini na kitu. Mikono yake yote miwili ilikuwa na mistari ya makovu, kuanzia kifundo hadi kiwiko, mengine meupe ya zamani, mengine bado mekundu. Alikuwa ameniomba tuongee. Nikamwambia, "Nakuja sasa hivi, dada." Akaingia mama mwenye uchungu, kisha mtoto mwenye degedege, kisha zamu ikaisha nikaenda nyumbani. Asubuhi nilikuta kidonda kipya. Alikuwa amevunja chupa ya soda.

"Sasa hivi" ni neno tunalolitumia kwa dakika moja na kwa usiku kucha. Kwa mgonjwa wa kawaida halina madhara, atanung'unika, atalala. Kwa mtu ambaye tangu utoto waliosema watarudi hawakurudi, neno hilo ni ushahidi mwingine kwamba yeye si wa kurudiwa. Sikumkata mimi, lakini nilikuwa sehemu ya njia iliyompeleka kwenye ile chupa.

Tangu hapo nilibadilisha. Mgonjwa wa aina hii nampa saa na kipimo: "Saa nne asubuhi, dakika 15, kwenye benchi lile chini ya mwembe. Ikifika saa nne na robo nitasimama hata kama hatujamaliza, na kesho saa nne nitakuja tena." Kisha naenda saa nne. Kama pamezuka dharura, naenda hata nusu dakika kumwambia: "Nimekwama, nitakuja saa sita." Siku ambayo sipo kazini namwambia tangu jana yake, na namtajia nani atakaa naye. Mwanzoni atakujaribu. Atachelewa makusudi aone kama utaondoka, au dakika ya 14 atakutupia neno zito kuliko yote: "Basi leo nitajiua." Usiongeze saa nzima kwa sababu ya neno hilo, wala usiondoke kana kwamba hukulisikia. Muulize moja kwa moja kama ana nia na kama ana kitu cha kufanyia, weka mtu wa kumwangalia, mpe daktari taarifa, na mazungumzo mengine yabaki kwa kesho. Mwaka 1952 muuguzi wa Marekani, Hildegard Peplau, aliandika kitabu kilichouweka uhusiano wa muuguzi na mgonjwa katikati ya uuguzi wenyewe. Benchi la saa nne ndipo nilipomwelewa.

Kidonda nacho kina adabu yake. Mkono uliojikata ushone kwa ganzi, kama mkono wa aliyekatwa na panga shambani. Nimewahi kuona mtu akishonwa bila ganzi "ili akome", na hakukoma. Alijifunza tu kwamba hospitali nayo inaumiza. Osha, shona, funga, kwa upole na maneno machache ya kawaida. Maongezi marefu yasubiri saa yake. Lakini siku atakapokuja kukwambia "Sista, nasikia kujikata" kabla hajashika wembe, hiyo ndiyo siku ya kuacha unachoweza kuacha na kukaa naye. Mtu huongeza kile kinachomletea masikio ya watu. Masikio yako yawe upande wa kuomba msaada mapema.

Kubali maumivu kabla ya kugusa tabia

Mwanamke aliyetufungulia njia kubwa zaidi katika kazi hii alipita humo mwenyewe. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, alilazwa mwaka 1961 akiwa msichana wa miaka 17, akijikata, akijiunguza kwa sigara, akigonga kichwa ukutani. Akaja kusomea saikolojia, na mwaka 1993 akachapisha tiba inayoitwa ya tabia ya kidayalektiki. Historia yake mwenyewe aliitangaza hadharani mwaka 2011 tu, katika hospitali ile ile ya Connecticut alikokuwa amelazwa. Kiini cha tiba yake ni kushika vitu viwili kwa pamoja: nakukubali ulivyo leo, na lazima ubadilike. Ukishika cha kwanza peke yake unamdekeza. Ukishika cha pili peke yake unamhubiria, na wahubiri anao wa kutosha kijijini.

Kwa mdomo inakuwaje? Mgonjwa anapiga kelele: "Ninyi wote mnanichukia!" Jibu linalotutoka haraka ni "Nani kakuchukia? Acha maneno yako." Jaribu hili: "Umeona sista amepita bila kukusalimu, ukasikia kama umetupwa. Ningekuwa nimepitia uliyopitia, na mimi lingeniuma." Hapo hujakubali kwamba wote wanamchukia. Umekubali kwamba inauma. Nyamaza kidogo. Sauti ikishuka, ndipo uongeze: "Sasa kelele hizi zinakupatia unachotaka, au zinawafukuza?"

Salamu inafanya nusu ya kazi hii huku kwetu. Muha hasalimu kwa kupita. Husimama, hupiga makofi taratibu, huuliza wa nyumbani, na mwenzake huitikia hadi mwisho. Mgonjwa unayemsalimu hivyo kila asubuhi, akiwa mzuri au akiwa mbaya, anapata kitu ambacho hakiwezi kuandikwa kwenye kadi ya dawa. Usiikate salamu kwa sababu jana alikutukana.

Punje za maharage

Mbinu ninayoipenda kuliko zote nimeitoa kwa Linehan huyo huyo, nikaivika nguo za hapa. Yeye huiita kuchambua mnyororo: unarudi nyuma, hatua kwa hatua, kutoka kwenye tendo hadi pale lilipoanzia. Vitabuni huchorwa kwenye karatasi. Wengi ninaowahudumia kalamu huwatisha, huwakumbusha mwalimu au polisi. Basi siku moja nilikwenda kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, nikamwomba mama wa binti niliyemtaja punje kumi za maharage, nikaja nazo mfukoni hadi kwenye benchi.

Niliweka punje moja katikati ya kanga. "Hii ni chupa. Kabla ya chupa kulikuwa na nini?"

"Nilikuwa nimelala naangalia ukuta."

Nikaweka ya pili. "Na kabla ya ukuta?"

"Nilimpigia mwenzangu simu mara sita. Hakupokea."

"Kichwani ulijiambia nini?"

Akakaa kimya muda mrefu. "Nilijiambia ameshaniacha. Na wewe hukurudi."

Nikaziweka zote mbili, na ile yangu nikaiweka bila kujitetea. Tukaendelea kurudi nyuma: hakula mchana kwa sababu wifi alileta chakula kwa maneno, usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala, mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akikoroma, asubuhi yake alimsikia mama akiongea na jirani kuhusu nauli. Punje nane zikawa zimepangwa mstari. Kisha nikamuuliza: "Ipi kati ya hizi ungeweza kuigeuza?"

Nilitegemea aguse ya simu. Aliigusa ya chakula. Akasema akiwa na njaa kila kitu huwa kama kisu. Tukakubaliana kwamba siku ya hasira atakula kwanza, hata ndizi moja, ndipo apige simu. Ni jambo dogo, lakini alilipata yeye, na kwa sababu alilipata yeye alilishika. Punje zile alizifunga kwenye ncha ya kanga.

Fanya hivi mgonjwa akiwa ametulia, kesho yake au siku ya pili, kamwe usifanye damu ikiwa bado inatoka. Usiulize "kwa nini ulifanya"; uliza "kabla ya hapo kulikuwa na nini". Swali la kwanza ni la kesi, la pili ni la safari.

Beseni la maji

Kuna wakati maneno hayaingii. Macho yametoka, pumzi inakwenda mbio, anatafuta kitu cha kujiumizia. Hapo unashughulika na mwili. Maji ya asubuhi ya Kibondo yana baridi ya kutosha: jaza beseni, mwambie avute pumzi, atumbukize uso hadi kwenye paji kwa sekunde 20 au 30, atoke, apumue, arudie. Mwili una tabia ya kupunguza mapigo ya moyo uso unapoguswa na maji baridi pumzi ikiwa imezuiwa, na dhoruba hushuka kwa dakika chache, muda unaotosha kufikia neno la kwanza. Mwenye ugonjwa wa moyo usimfanyie hivi. Na kwa waliokimbia vita uliza kwanza, kwa sababu wapo walioteswa kwa maji. Kwao tumia kitambaa chenye maji shingoni, au kutembea haraka kuzunguka wodi, au kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Mfundishe akiwa mtulivu, arudie mara tatu nne, ili siku mbaya mikono ikumbuke yenyewe.

Kauli moja ya zamu tatu

Mgonjwa huyu atakwambia wewe ndiye sista mwenye roho, wa zamu ya usiku ni shetani. Kesho atageuza. Mwaka 1957 daktari Mwingereza Tom Main, wa hospitali ya Cassel, alieleza jinsi alivyokaa na wauguzi wake wakachunguza wagonjwa 12 wa namna hii, wakagundua kwamba wafanyakazi walikuwa wamegawanyika makundi: waliojiona wao tu ndio wanaomwelewa mgonjwa, na waliowaona hao kuwa wanadanganywa. Kila kundi lilikuwa na kipande cha ukweli. Mgonjwa hakupanga njama. Aliishi ndani yake akiwa amegawanyika, nao wakaugawana mgawanyiko wake.

Dawa yake ni daftari la makabidhiano. Andika ukurasa mmoja wa mgonjwa huyu, ubandikwe ndani ya faili, na zamu zote tatu zifuate: saa ya mazungumzo, nani anaruhusu kutoka nje, tunajibu nini akitishia, tunafanya nini akijikata, simu ya ndugu yupi. Matroni au mganga mfawidhi asaini. Akija kukusifia kwa kumponda mwenzako, mjibu: "Nimefurahi tunaelewana. Hilo la sista wa usiku mwambie mwenyewe. Ukitaka nitakaa nawe ukimwambia." Usiongeze chumvi.

Anayewadhania watu vibaya anahitaji uwazi wa namna nyingine. Fungua pakiti ya dawa mbele yake, mwonyeshe jina na tarehe. Andika akiona unachoandika. Usimfichie kidonge kwenye uji, hata ndugu wakikusihi; siku atakapokigundua umempoteza wewe na uji pia. Na hili nawaomba sana Waha wenzangu: tusisemezane Kiha mbele ya mgonjwa Mrundi tukidhani tumejificha. Kiha na Kirundi ni watoto wa nyumba moja, anasikia karibu kila neno. Nilimwona mzee mmoja akigeuza uso ukutani baada ya utani wa wauguzi wawili, na hakusema nasi tena kwa siku tatu.

Kwa mwanaume mgomvi, aliyezoea kupata kwa ngumi, kaa karibu na mlango, simama upande kidogo usimkabili kifua kwa kifua, sauti iwe chini, na mpe uchaguzi wa vitu viwili vinavyowezekana vyote: "Utakunywa dawa hapa au kwenye benchi?" Kanuni ziwe chache na zile zile kwa kila mtu. Usimwaibishe mbele ya wenzake.

Sumu iliyo chini ya kitanda

Uliza kuhusu kujiua kwa maneno yaliyonyooka. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Ndugu mara nyingi watasema "alikunywa kwa bahati mbaya", na wana sababu: Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha kwao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Kwetu, unachoweza kufanya leo ni kuwatoa ndugu nje kwa upole, kumwambia mgonjwa kwamba umekuja kutibu, na kuuliza faragha.

Kisha tengenezeni mpango wa usalama, kwa maneno yake mwenyewe. Usimtake aape kwamba hatajiua. Kiapo humfunga ulimi asikwambie siku wazo litakaporudi. Muulize dalili zake za kwanza ni zipi, afanye nini peke yake, aende kwa nani ili tu asikae peke yake, amwambie nani ukweli, na kituo kipi kiko wazi usiku. La mwisho ni la ndugu: dawa ya kunyunyizia kahawa na mahindi isikae chini ya kitanda. Iwe kwenye sanduku lenye kufuli, au kwa jirani, au isinunuliwe kabisa mpaka siku ya kuitumia. Sri Lanka walipopiga marufuku viuatilifu vikali kimoja baada ya kingine tangu miaka ya 1980, vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Hasira nyingi hupita ndani ya saa chache kama mkono haukukuta kitu.

Wanapona

Sentensi hii ningependa iandikwe ukutani kila wodi. Nchini Marekani Mary Zanarini na wenzake waliwafuata kwa miaka wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa, wa ile sura ya kuogopa kuachwa. Ndani ya miaka 10, zaidi ya 9 kati ya 10 walipata angalau miaka miwili mfululizo bila dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Kazi na ndoa zilichukua muda mrefu zaidi kutengemaa. Mwambie mgonjwa hivyo. Wengi wameambiwa tangu utoto kwamba ndivyo walivyoumbwa.

Wala usingoje mabingwa ndipo uanze. Harare, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa benchini na watu wenye mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa wao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na benchi hilo likafika hadi Zanzibar. Wagonjwa wa bibi wale hawakuwa hawa wetu hasa, lakini wahudumu wa afya ngazi ya jamii tulio nao wanaweza kubeba salamu, beseni na mpango wa usalama mpaka mlangoni.

Na wewe utachoka. Utamchukia mgonjwa siku moja, kisha utaona aibu. Tafuta mwenzako mmoja, hata wa kituo kingine, mpigiane simu kila wiki kwa nusu saa mkiongelea wagonjwa hawa tu, bila majina. Ukikuta unampa mgonjwa namba yako ya binafsi, au unamnunulia vocha, au unakwepa kitanda chake, hiyo ndiyo wiki ya kupiga simu mapema.

Kuaga kuanze mapema. Barua ya uhamisho ikifika, mwambie siku hiyo hiyo, usingoje ya mwisho. Mwambie umebakiza wiki ngapi, mzihesabu pamoja, umkutanishe na atakayepokea benchi, mkae watatu angalau mara mbili. Atakasirika, na huenda vidonda vikarudi kwa muda. Endelea kwenda saa nne mpaka siku yako ya mwisho.

Na kwenye kadi ya kurudi kliniki usiandike tarehe kwa kuangalia kalenda ya ukutani peke yake. Muulize siku ya gulio la kwao ni ipi. Siku hiyo atakuja mjini hata hivyo, na debe la mihogo kichwani, nauli yake imeshapatikana, wala hakuna jirani atakayeuliza anakwenda wapi.